Maji Yaliyopitia Bafuni: Kisa cha Nyumba Moja ya Bwaise

Alama ya tope ilikuwa imekaukia ukutani, mstari ulionyooka kama umepigwa kwa uzi, umeizunguka sebule yote: nyuma ya kabati, chini ya kalenda, ukakata pazia la bafuni. Hajati alinionyesha kwa ncha ya mwavuli. "Hapa ndipo alipofika," akasema, kana kwamba anamtaja mtu anayemjua. Kisha akanipeleka mlangoni nikaone kizingiti cha matofali alichojengewa mwaka uliotangulia ili maji yasiingie tena. Kilifika gotini, kimepigwa plasta, kimepakwa rangi nyekundu ya sakafu. Niliinama nikapitisha kiganja juu yake. Hapakuwa na tope. Vumbi tu.

Maji yalikuwa yameingia ndani, lakini kizingiti hayakukivuka.

Hajati hakuniita nije kuchunguza. Aliniita nije kujenga. "Mwanangu, niongezee tofali mbili tu juu. Yule fundi wa kwanza alinibania." Pesa alikuwa nazo tayari, zimefungwa kwenye ncha ya leso. Ningeweza kuzipokea, nikaweka tofali mbili, nikapiga plasta na kurudi kwangu kabla ya magharibi, na mvua iliyofuata nyumba ingejaa vilevile. Ninaandika kisa hiki kwa sababu nimeona vizingiti vya namna hiyo karibu kila mlango wa mtaa ule wa Bwaise, hapa Kampala, na sijawahi kumkuta mtu aliyeuliza kwanza maji yanaingilia wapi.

Tunaongea Kiswahili mimi na yeye kwa kuwa wote wawili ni watoto wa kambi. Yeye ni Mnubi, asili yao Bombo, baba yake alikuwa askari. Mimi nilikulia kwenye nyumba za jeshi Jinja. Wajukuu wake wanamjibu kwa Kiganda. Nyumba yake ina sebule, chumba cha kulala, bafu dogo kwa nyuma, na vyumba viwili vya kupangisha vya mlango mmoja mmoja, vile ambavyo huku huitwa muzigo. Choo kiko nje, kimejengwa juu, unakipanda kwa ngazi, kama vyoo vingi vya Bwaise, kwa sababu ukichimba chini unakutana na maji kabla hujachoka.

Mahali penyewe

Bwaise iko bondeni, na bonde hilo linapokea maji ya vilima vya Makerere, Mulago, Kyebando na Kawempe. Mfereji wa Nsooba unayashusha hadi kwenye kinamasi cha Lubigi. Wengi hudhani maji yote ya Kampala huishia Ziwa Viktoria. Ya mfereji wa Nakivubo, wa katikati ya mji, ndiyo; haya ya kwetu hugeukia kaskazini, yakaingia mto Mayanja, kisha Kafu, yakaendelea hivyo kuelekea Nile. Ni safari ndefu juu ya ardhi iliyo karibu tambarare, kwa hiyo yakishafika bondeni hayana haraka ya kuondoka. Haraka yao yote ni kule juu. Palipokuwa na migomba na majani sasa pana mabati, lami na nyua za saruji. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba; basi mvua ya milimita 40 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 50, paa hilo moja linamwaga lita 2,000, yaani jerikeni mia moja. Hesabu mapaa ya Kyebando.

Nacho kinamasi kilichokuwa kikiyanyonya kimepungua. Kimejazwa udongo lori baada ya lori, na barabara ya Northern Bypass, iliyofunguliwa mwaka 2009, imepita humo humo. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya Lubigi, na tangu hapo kila ukitaja mafuriko Bwaise kuna mtu atasema dawa ni kuhama. Huenda ana haki. Lakini Hajati ana kibanja chake tangu miaka ya themanini, ana kodi ya wapangaji wawili inayomlisha, na hajui atahamia wapi kwa pesa hiyo. Mimi nilishughulikia nyumba iliyokuwepo.

Jambo moja la mahali hapo lilinishangaza kuliko mvua yenyewe. Hajati aliniambia nyumba ilipojengwa ulikuwa unapanda ngazi mbili kuingia. Leo unashuka mbili. Nyumba haikuzama. Njia ndiyo iliyopanda: kila baada ya mafuriko wakazi huchanga, lori la moramu, udongo wa changarawe wa kujazia barabara, linamwagwa, njia inainuka kidogo, aliye jirani naye anajaza kiwanja chake ili asiwe chini ya njia, na yule ambaye hakuwa na pesa ya lori mwaka huo anabaki kuwa bwawa la wenzake. Bwaise watu wanaokoana kwa kupandiana mabegani.

Nilivyofuatilia njia ya maji

Nilianza na mpira mwangavu wa maji, ule wa mafundi. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, na maji ya ncha zote mbili yanakaa kimo kimoja hata kama ukuta uko katikati yenu. Mjukuu mkubwa alishika ncha ya ndani, mimi nikatoka nje na yangu hadi ukuta wa jirani, ambako mstari wa tope ulikuwa bado unaonekana vizuri. Tukipima kutoka sakafu ya sebule, maji ya nje yalifika sentimita 38. Ya ndani yalifika 36. Kizingiti kina 50. Kwa hiyo vumbi lile la juu ya kizingiti halikunidanganya.

Kisha nilimuuliza Hajati swali ambalo naona ndilo lililofungua kisa: maji yalitoka lini? Alicheka kwa uchungu. Mbele ya nyumba yalikwisha alasiri ile ile. Ndani yalikaa mpaka kesho yake, na wajukuu waliyachota kwa beseni wakiyamwaga juu ya kizingiti, beseni baada ya beseni, huku kinyesi kikielea. Kizingiti kilichojengwa kuzuia maji yasiingie kilikuwa kimeyazuia yasitoke.

Sehemu mbili zilibaki za kushukiwa. Ya kwanza ni mguu wa ukuta. Nyumba ile imejengwa kwa tofali za kuchoma, nusu tofali kwa unene, bila nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, na chini ya plasta kulikuwa na chumvi nyeupe iliyochanua kama unga. Hiyo ni dalili ya maji yanayopanda ndani ya tofali polepole, mwaka mzima, hata mvua isiponyesha. Lakini unyevu wa namna hiyo hauwezi kujaza nyumba. Mita za mraba 40 kwa kina cha sentimita 36 ni zaidi ya lita 14,000, na Hajati alisema nyumba ilijaa kati ya adhuhuri na wakati alipomaliza kuwapeleka watoto kwa jirani. Tuseme saa moja. Hilo ni tundu, si unyevu.

Tundu lilikuwa bafuni. Bomba la inchi nne linatoka kwenye sakafu ya bafu, linapita chini ya ukuta na kutokea kwenye mtaro wa nyuma. Fundi aliyeliweka hakukosea siku ile. Mtaro ulikuwa chini sana na maji ya kuoga yalishuka yenyewe. Sasa mtaro umejaa matope na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, na mvua ikinyesha maji yake yanasimama juu kuliko sakafu ya Hajati, hata mbele ya nyumba pakishakauka. Bomba halijui lipi ni la kutoka na lipi ni la kuingia.

Sikutaka aniamini kwa maneno. Tulinunua buluu ya kufulia dukani, tukaziba mtaro kwa gunia la mchanga mita chache chini ya mdomo wa bomba, tukamwaga jerikeni za maji yenye buluu hadi mtaro ukajaa. Hajati alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa bafu na kunitazama kama mtu anayemtazama mganga asiyemwamini. Muda si mrefu tundu likatoa sauti, likabubujika mara mbili, na duara la rangi ya samawati likaanza kutanda kwenye saruji. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo mimi," akasema, "nilifunga mlango nikamwachia dirisha."

Ukipiga hesabu, bomba la upana ule likisukumwa na tofauti ya sentimita kumi tu za maji hupitisha si chini ya lita tano kwa sekunde. Lita 14,000 zinaingia kwa muda usiofika saa nzima. Hesabu na maneno ya Hajati vilikubaliana, na hapo nikaacha kutafuta.

Tulichofanya

Kwenye maduka ya vifaa kuna vali inayoruhusu maji yatoke na kuyazuia yasirudi. Ni kitu kizuri kwenye bomba safi. Kwenye bomba la bafu, lenye nywele, sabuni na mchanga, kifuniko chake kinakwamishwa na uchafu mdogo tu, na utagundua hivyo siku ya mafuriko. Nilimpa Hajati kitu cha kipuuzi zaidi: kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa sentimita 60, mwisho wake mmoja umevalishwa pete za mpira wa tyubu ya pikipiki, kinachochomekwa kwenye tundu la bafu kikasimama wima. Maji ya mtaro yakipanda, yanapanda ndani ya bomba hilo mpaka kimo cha maji ya nje, yanasimama hapo. Hayana pa kumwagikia. Hakuna kinachosogea, hakuna cha kukwama, na mtoto wa miaka kumi anaweza kukichomeka. Wengine huziba tundu kwa gogo la mbao lililofungwa kitambaa, nalo linafanya kazi. Kwa kina cha sentimita 38 maji yanalisukuma kwa nguvu ya kilo tatu hivi, ndoo ya mchanga juu yake inatosha. Ila gogo huwezi kuona nyuma yake maji yamefika wapi. Bomba la kusimama unachungulia.

Vyumba vya wapangaji havina bafu, kwa hiyo havikuwa na tundu.

Kuhusu kizingiti tulibishana siku mbili. Nilitaka kukivunja, naye alikuwa bado anakilipia moyoni. Kilichomshinda ni magoti yake; kukivuka mara ishirini kwa siku kulikuwa kunamuumiza kuliko alivyokubali kusema. Tulikishusha hadi sentimita 15, tukapachika vyuma vyenye mfereji katikati pande mbili za mlango, alivyochomelea kijana wa karakana ya jirani, na mbao tatu za inchi mbili zinazoteremka ndani ya vyuma hivyo moja juu ya nyingine. Ukingo wa kila ubao una ukanda wa tyubu. Kabari zinazibana. Chini kabisa unapaka udongo wa mfinyanzi, kwa sababu maji hupenda kona. Na kwenye kizingiti kifupi kilichobaki nilitoboa tundu lenye kizibo, usawa wa sakafu, ili maji yakiingia kwa vyovyote yaweze kutoka bila beseni. Milango ya wapangaji nayo ikapata mbao zake.

Sasa jambo ambalo Hajati hakulipenda, na ambalo kwangu ndilo zito. Nilimwambia: maji ya nje yakikaribia juu ya mbao, toa ubao wa kwanza, uyaache yaingie.

"Nimfungulie mwizi mlango?"

Ndiyo. Maji yaliyosimama nje ya ukuta wenye ndani pakavu yanausukuma, na msukumo hauongezeki sawa na kina. Kwa sentimita 40, kila mita ya ukuta inabeba msukumo wa kilo 80 hivi. Kwa sentimita 80 haiwi 160, inakuwa 320. Kina mara mbili, msukumo mara nne. Wahandisi wa Uingereza huweka kama sentimita 60 kuwa mwisho wa kuyazuia maji nje ya nyumba ya kawaida ya matofali, na hao wanazungumzia kuta nzima nzima. Mimi nilikwaruza udongo kati ya tofali za Hajati kwa ufunguo ukamwagika kama sukari. Ndiyo maana mbao zake zinaishia 50, na sikumkubalia hata inchi moja ya kuongeza. Nyumba iliyojaa maji inasafishwa. Ukuta ulioanguka usiku una watu chini yake.

Wengi wangeuliza kwa nini hatukuinua sakafu. Ni swali la haki; kwenye nyumba yenye kuta ndefu ndiyo njia bora, na nimewahi kuifanya. Ya Hajati ina mlango wa mita mbili. Jaza sentimita 40 na kila mgeni ataingia ameinama, dirisha litakuwa usawa wa kitanda, na ule mguu wa ukuta usio na nailoni utakuwa umefukiwa kwenye moramu yenye maji pande zote mbili. Na baada ya miaka michache njia itapanda tena. Badala yake tulijenga jukwaa la matofali kwenye chumba cha kulala, kimo cha sentimita 70, pana kiasi cha kubeba godoro, gunia la unga na sanduku. Siku za kawaida wajukuu wanalilalia.

Umeme ulichukua nusu siku. Soketi zilikuwa shubiri moja kutoka sakafuni. Tulizipandisha usawa wa kifua, waya zikishuka kutoka darini badala ya kupanda kutoka chini. Swichi kuu Hajati ameagizwa aizime mbingu ikiwa nyeusi, asisubiri kuona maji, wala asiiguse akiwa amesimama ndani yake. Karatasi za kibanja, risiti za busuulu, ile kodi ya ardhi, na vitambulisho viko ndani ya jerikeni iliyokatwa mdomo, juu ya kabati. Kwa usafi baada ya maji nilimwachia kanuni moja: tope kwanza, jiki (dawa ya klorini) baadaye, kwa sababu tope hula nguvu ya jiki. Sehemu moja ya jiki kwa sita za maji, glavu mkononi. Mvua ikianza kuna watu wanaofungulia mashimo ya vyoo yaoshwe na mafuriko, kila mtu anajua, na hakuna anayekiri. Maji yale si maji ya mvua.

Kwa mtaro tulikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa. Jumamosi mbili watu walitoka na makoleo. Kwenye kona, ndani ya kalvati, tulitoa godoro la watoto, nusu ya kiti cha plastiki na kaveera nyingi kiasi kwamba zilikuwa zimeshikamana kama matofali. Maji yaliyosimama yaliondoka tukiyatazama. Hiyo ndiyo kazi iliyoshusha mafuriko kuliko nyingine zote, na ndiyo pekee ambayo haikudumu. Baada ya mwezi na nusu kalvati ilikuwa imeanza kujaa tena. Nani alipwe kuizibua kila wiki, kikao hakikuafikiana. Mwenye maduka ya juu anasema maji si yake, na kwa kweli yeye hayamfiki.

Mvua ya Novemba

Ilinyesha usiku, ikapiga hadi karibu alfajiri. Hajati alichomeka bomba la bafu, wajukuu wakateremsha mbao, akazima umeme, akaketi juu ya jukwaa na tasbihi. Nje maji yalifika sentimita 31. Ndani ya bomba la kusimama, aliniambia, alimulika tochi akayaona yamesimama pale pale, meusi, "yananitazama". Mlangoni palivuja kidogo kwenye kona ya kushoto, udongo haukuwa umepakwa vizuri.

Lakini sebule ililowa. Mpangaji wa chumba cha kwanza, fundi cherehani kutoka Kongo, alikuwa amelala mjini kwa kazi ya sare za shule. Mlango wake ulifungwa kwa kufuli na mbao zake zilikuwa ndani, zimeegemezwa ukutani. Chumba chake kilijaa sawasawa na njia. Cherehani ilinusurika kwa kuwa ilikuwa juu ya meza, vitambaa viliharibika. Ukuta kati yake na Hajati ni nusu tofali, upande wa mpangaji haujawahi kupigwa plasta, na maji yalipenya kwenye viungo kwa vijito vyembamba. Hajati alichota beseni kumi na moja, alizihesabu, kisha nje yalipopungua akavuta kizibo na mengine yakatoka yenyewe.

Kosa lile ni langu. Nililinda nyumba ya Hajati kana kwamba mwisho wake ni ukuta wa sebule, wakati kwa maji ni nyumba moja yenye milango mitatu. Mbao nilizitengeneza zote, ila sikuuliza nani atazitia asipokuwepo mwenyewe. Sasa mbao za wapangaji zinakaa kwenye korido ya Hajati, na funguo za akiba zimetundikwa bafuni kwenye msumari mmoja na lile bomba la kusimama. Mpangaji wa pili hakupenda kuacha ufunguo. Alikubali baada ya kuona vitambaa vya mwenzake vikianikwa.

Plasta ya chini ya ukuta wa kati nimeibandua pande zote mbili, sijaweka mpya. Tofali bado ni baridi ukizigusa. Ukipiga saruji juu ya ukuta ulioloa unafungia unyevu ndani, na chumvi itaisukuma plasta nje kabla ya masika. Nimemwambia Hajati tusubiri Januari na Februari zipite kwanza. Ameniuliza kama nikirudi nitamwongezea tofali mbili.